Ng'ombe Niliyempiga Picha

Ng'ombe wa jirani yangu alianguka asubuhi, na mimi nilikuwa nimempiga picha jioni iliyotangulia.

Jua halijapanda vizuri, watu watatu walikuwa langoni kwangu. Hawakuja kuazima pikipiki. Hawakuja kuuliza namba ya daktari.

Walikuja kuniambia nikateme mate.

Kama wewe si wa huku kwetu Meru, ngoja nikueleze. Kuna watu husemwa wana jicho. Mtu wa jicho akiona kitu kizuri, akakisifu, asikitemee mate kidogo, hicho kitu kinaharibika. Mtoto anaanza kuhara. Maziwa yanakatika. Na dawa ni moja tu: aitwe yule yule aliyeangalia, ateme mate, kitu kipone.

Sasa fikiria kazi yangu.

Mimi hukusanya maziwa. Niliacha shule darasa la sita, na sijawahi kufanya kazi nyingine ya maana. Kila alfajiri napita huku chini ya Timau na pikipiki, mitungi miwili ubavuni, boma hadi boma. Naingia mpaka zizini. Nasimama nyuma ya ng'ombe wa watu wakikamuliwa.

Mtu wa jicho hawezi kufanya hiyo kazi. Nani atamfungulia?

Lakini maneno hayakuanza na ng'ombe. Yalianza na simu.

Nikishafikisha maziwa kituoni na kulala kidogo, jioni huwa ni yangu. Wengine huenda kwa pombe. Mimi nilinunua simu yenye kamera nzuri, nikaanza kuzunguka nyuma ya nyumba. Kuna kinyonga wa pembe tatu anakaa kwenye ua wa miti kati yangu na jirani yangu Muthamia. Kuna chozi, yule ndege mdogo wa kung'aa, anakunywa kwa maua ya mke wangu. Kuna paka wangu, ambaye hana kazi yoyote lakini anajua kukaa kwenye mwanga.

Napiga, naweka Facebook. Watu wa Mombasa wananiandikia, "Mzee, hapo ni peponi." Nafurahi. Sina la kuficha, nafurahi sana.

Halafu nikaanza kuona vitu.

Kanana, mama wa kwaya anayekaa ng'ambo ya njia, alianza kufungia kuku wake jua likiwa bado juu. Nikitoka na simu tu, nasikia "kshh, kshh," mlango wa banda unagongwa.

Siku nyingine nikakuta shuka kuukuu limetundikwa kwenye ua, pale pale ninaposimama kutafuta kinyonga. Nikadhani limeanikwa. Likanyeshewa, likakauka, likanyeshewa tena. Hakuna aliyelianua.

Muthamia naye akapigilia gunia kwenye dirisha la zizi linaloangalia kwangu.

Nikasema, hawa wananiogopa kwa nini? Nikafikiria mambo ya mpaka. Labda wanadhani napiga picha za ua nipeleke kwa watu wa ardhi. Nikafikiria wezi wa mifugo. Labda wanadhani nawaonyesha wezi ng'ombe wako wapi.

Nikamuuliza mke wangu. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Wanahesabu," akasema.

"Wanahesabu nini?"

"Vitu unavyopiga picha. Ulipiga picha viazi vya Kanana vikiwa na maua, kesho yake vikachomeka."

"Si ni barafu! Usiku ule hata vyetu vilichomeka!"

"Vyetu hakuna mtu anavihesabu. Halafu vifaranga. Uliwapiga picha, mwewe akabeba."

"Mwewe habebi vifaranga siku zingine?"

"Mimi unaniuliza? Nenda umuulize mwewe."

Nilicheka. Mke wangu hakucheka.

Kuanzia hapo nilianza kuwaangalia vile wananiangalia. Nikisalimia mtu mwenye mtoto mgongoni, naona anavuta shali. Nikisema "mahindi yako yamekuwa mazuri," mtu ananiangalia mdomo, anangoja. Nikajua kila nyumba ninayoingia, kuna mtu amesimama pembeni akinisoma.

Basi. Ng'ombe wa Muthamia akazaa.

Ndama alikuwa mwekundu, kichwa cheupe kama amevaa kofia. Walikuwa wamemtoa nje aote jua, mama yake anamlamba. Akaja yule kindege mweusi na mweupe anayetikisa mkia, akatua mgongoni mwa ndama. Akasimama hapo kama mwenye boma.

Ningefanya nini? Nilisogeza shuka, nikapiga. Ng'ombe, ndama, ndege, jua la jioni nyuma yao. Sijawahi kupata picha kama hiyo.

Kagwiria, mke wa Muthamia, alikuwa amesimama hapo na ndoo.

"Mama, huyu ndama ni mzuri ajabu!" nikamwambia. "Na huyu mama yake, maziwa hayo mtaweka wapi?"

Aliangalia mdomo wangu. Akaangalia tena, akangoja.

Nilijua anangoja nini. Ningeweza kutema, mate ni mate. Lakini nilishikwa na hasira. Nikajiambia, nikitema leo, nimekubali.

Nikaweka simu mfukoni, nikaenda zangu.

Asubuhi yake ndiyo hiyo ya watu watatu.

Nilienda nao. Ng'ombe alikuwa amelala zizini kwenye nyasi, shingo ameikunja ubavuni kama anayesinzia. Nikamshika sikio. Baridi kama chuma. Nimeona ng'ombe wa namna hiyo mara nyingi kwenye maboma ya watu. Wanaozaa na kutoa maziwa mengi, kalsiamu inaisha mwilini, wanaanguka.

"Mwite daktari," nikamwambia Muthamia. "Sasa hivi. Huyu akikaa hivi atakufa."

"Daktari wa nini? Jana alikuwa mzima mpaka ulipomwona."

"Amezaa, Muthamia! Ni kuzaa!"

"Amezaa mara nne. Hajawahi kuanguka." Akapunguza sauti, na hapo ndipo aliponiumiza, kwa sababu hakuwa na ukali. Alikuwa ananiomba. "Jirani. Ni mate tu. Kwani yanakugharimu nini?"

"Mimi sina jicho."

"Sijasema unalo. Nimesema tema."

Nikaondoka. Nikarudi kwangu, nikakaa kwa chai. Nao wakanifuata, wakajaa langoni. Muthamia, Kanana, vijana wa huko chini, hata watu ambao sijui walitoka wapi. Tulibishana mpaka chai ikaganda utando.

"Kama huna kitu, unaogopa nini kutema?" Kanana akapaza sauti.

"Kama mate yangu ni dawa, nikutemee na wewe?"

"Unitemee nini, viazi si ulimaliza!"

Watu wakacheka. Mimi pia nusura nicheke.

Mke wangu akanivuta ndani.

"Akifa bila wewe kutema, ni wewe umemuua," akasema. "Hiyo haitaisha. Hata ukihamia Kianjai itakufuata."

"Na nikitema?"

Hapo ndipo nilipopata akili yangu, ile ninayoilaumu mpaka leo. Nikawaza hivi: mate hayawezi kuinua ng'ombe aliyeishiwa na kalsiamu. Nikitema mbele ya watu wote na asiamke, basi imeonekana. Sina jicho, mate yangu ni maji tu, na daktari ataitwa.

Nikatoka nje.

"Muthamia, nitatema. Lakini sikia, na watu wasikie. Asipoamka, unapiga simu kwa daktari hapo hapo, na unaniomba msamaha hapo hapo."

"Na akiamka?"

"Hataamka."

"Sawa," akasema. "Twende."

Tulishuka wote. Kagwiria alikuwa zizini peke yake, amechuchumaa karibu na ng'ombe, nguo yake imelowa magotini. Alipotuona alisimama haraka, akaenda kusimama ukutani.

Ng'ombe alikuwa bado chini, lakini shingo alikuwa ameinyoosha. Niliona hilo. Sikulitilia maanani.

Nikakusanya mate. Mdomo ulikuwa umekauka, nikahangaika kama mtoto anayejifunza. Nikatema kwenye paji la uso, nikatema mgongoni. Mtu nyuma yangu akasema, "Na ndama." Nikatema kwa ndama.

Ng'ombe akabaki amelala.

Nikageuka nimwambie Muthamia atoe simu.

Nikaona macho ya watu yamenipita, yanaangalia nyuma yangu.

Ng'ombe alikuwa anainua sehemu ya nyuma. Akayumba. Akaweka mguu wa mbele, akaweka wa pili, akasimama. Akatetemeka kidogo, akakojoa mkojo mrefu, akaanza kumtafuta ndama wake.

Hakuna aliyeshangilia. Kanana alifanya ishara ya msalaba, na yeye si Mkatoliki.

Muthamia akanishika mkono. "Asante, jirani," akasema. Kwa heshima kubwa. Halafu nikaona anapangusa kiganja kwenye suruali.

Nataka nikuambie ukweli. Siku hizo nilijishuku mwenyewe. Nilikaa nikapekua simu yote, picha baada ya picha. Huyu yuko hai? Huyu je? Nilimwangalia paka wangu na nikageuza macho. Nilienda kumtafuta kinyonga kwenye ua, sikumwona, na nikaogopa kwa moyo wote.

Alfajiri nilipita na pikipiki kama kawaida. Kwa nyumba ya kwanza lango lilikuwa limefungwa. Ya pili, mtoto alinikabidhi maziwa nje. "Mama amesema usijisumbue kuingia."

Halafu nikakutana na daktari wa mifugo, kwenye duka la dawa pale Timau. Kijana mchangamfu, anapenda maneno.

"Mzee wangu, si wewe ni jirani ya Muthamia? Yule ng'ombe anaendeleaje?"

"Ng'ombe gani?"

"Si yule wa kalsiamu! Nilimpa chupa mbili kwa mshipa, mke wake akinishikia. Mama aliniita, nikapitia shamba la nyuma, akaniambia nifanye haraka, watu wako kwako langoni wanazozana. Nilimaliza, nikapita nilikotoka. Aliamka?"

"Aliamka," nikasema.

Nikamwomba twende pamoja, aseme hayo mbele ya watu. Akaacha kutabasamu.

"Mzee, nikisema niliingia boma la mtu bila yeye kujua, nani ataniita tena? Nisamehe. Hata hayo niliyosema, sijasema."

Nikaenda moja kwa moja kwa Kagwiria. Nilimkuta shambani akikata nyasi.

"Mama, ulimwita daktari."

Panga lilisimama.

"Muthamia alikuwa amesema nisimwite," akasema. "Mbele ya watu alisema. Ningemwita mbele yake, ningelala wapi?"

"Basi mwambie sasa. Ng'ombe amepona, hatakuwa na hasira."

"Baba Kiende, wewe humjui. Anatembea sokoni akisimulia vile alijua. Ati yeye ndiye alijua. Sasa niende nimwambie alikuwa mjinga?"

"Na mimi? Watu wananifungia malango!"

Akapangusa panga kwenye nyasi. Halafu akasema neno ambalo sikulitarajia kwa mtu ambaye alizishika zile chupa kwa mikono yake.

"Hata mimi sijui ni gani ilimponya."

"Sijui maana yake nini? Ni dawa!"

"Dawa iliisha, daktari akaondoka, akabaki amelala. Wewe ukatema, akaamka." Akainama, akaendelea kukata. "Labda ni chupa. Labda ni mate. Mimi nilifanya zote mbili, ndio nisikose."

Jirani pekee aliyejua ukweli naye ananiogopa.

Nimeweka kisa hiki hapa ili wewe unayesoma ujue kitu kimoja. Usikubali kamwe kutibu ugonjwa ambao hukuuleta, kwa ajili ya kunyamazisha watu. Ukishindwa, wewe ni muuaji. Ukiweza, ndiyo mbaya zaidi. Umeonyesha kwamba ni wewe uliyeuleta.

Juzi binti yangu Kiende alikuja kutoka Embu na mtoto wake wa kwanza. Anafanya kazi ofisini, amesoma mpaka chuo kikuu. Nilinyoosha mikono nimbebe. Akabaki amemkumbatia, shali usoni mwa mtoto.

"Baba, si ati naamini," akasema. "Unajua siamini. Lakini tema tu kidogo."

Hesabu yangu ni hii. Nyumba ishirini na moja zilikuwa zinanipa maziwa. Zimebaki sita, na hizo sita wananitolea barabarani. Mtungi mmoja nimeuza. Jirani mmoja, aliyekuwa rafiki. Picha, hakuna tangu siku ile. Na mjukuu mmoja, msichana, ambaye nilimtemea mate kwanza ndipo nikaonyeshwa uso wake.