Tairi Lilikwaruza Tangu Alum Rock

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa kitu kingine chochote. Nilikuwa nimefukizwa udi hadi kwenye mizizi ya nywele, na katikati ya udi huo ikapenya harufu nyingine, ya mpira unaoungua. Nilikuwa bibi harusi. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari la mdogo wangu Mansur, kulia kwangu mama mkwe, kushoto kwangu shangazi Zuhura, na nilikuwa nimeamriwa nisifungue mdomo.

Najua nyinyi vijana mnacheka mkisikia kwamba bibi harusi hakuruhusiwa kusema. Cheka tu, ukimaliza nisikilize. Sisi tulitoka Mombasa tukaishia Saltley, kwenye nyumba zilizoshikana bega kwa bega, na kila tulichokiacha kwetu tulikikumbatia kwa nguvu zaidi huku Birmingham. Mlinzi wa mila zetu alikuwa shangazi. Asubuhi ile alinishika kidevu akaniambia, "Macho chini, mdomo kufuli, mpaka ufike ukumbini. Mkweo asikusikie hata ukipiga chafya."

Nami nilimtii, kwa sababu nilikuwa na hofu yangu. Nilikuwa nimeshapita miaka thelathini. Posa ya kwanza ilivunjika kwa sababu ilisemekana nina mdomo, na maneno hayo yalinifuata kila nilikokwenda, msibani, arusini, hata kwenye foleni ya mchinjaji. Posa hii ya pili niliishika kwa mikono yote. Ningeambiwa ninyamaze mwaka mzima, ningenyamaza.

Sasa nikueleze gari lenyewe. Mansur alifanya kazi kiwandani, na moyo wake wote ulikuwa kwa gari moja la Kimarekani la zamani, milango miwili, boneti ndefu, injini ikinguruma vikombe vinatikisika kabatini. Alilikuta limeoza kwa kutu akalifufua kwa mikono yake. Kilichomkera ni matairi ya nyuma, yalikuwa membamba. Alisema gari lake ni kama mtu wa kifua kipana aliyevaa ndara za mtoto. Basi arusi yangu ilipokaribia, akatafuta rimu pana na matairi mapana ya nyuma, akayafunga mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yake kwangu, kunipeleka kwa mume kwa gari ambalo Alum Rock Road nzima ingeligeukia.

Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa matairi, na sisi wawili tulikulia baina ya mipira na pampu. Kwa hiyo Ijumaa alasiri, nilipomwona Mansur anashusha jeki, miguu ilinipeleka yenyewe. Gari lilikuwa limependeza, nisiseme uongo. Lilikuwa limekaa chini kwa nyuma, limejaa. Nikapenyeza kidole kati ya tairi na ukingo wa madigadi, kile chuma kikali kilichokunjwa kwa ndani. Kidole kilipita kwa shida.

"Na likibeba watu?" nikamwuliza.

"Relax, dada. Hizo springi ngumu. Nime-test mpaka Small Heath na kurudi, haligusi kitu."

"Ulikuwa na nani ndani?"

"Mimi na redio."

Tukacheka sote. Shangazi akaniita ndani, hina ilikuwa tayari, nikaenda zangu.

Jumamosi tukapakiwa. Masanduku yangu yakaingia kwenye buti mpaka likafungwa kwa kukaliwa. Kiti cha mbele kilijaa zawadi, na nyuma tukajibana wanawake watatu, na shangazi, Mungu amrehemu, hakuwa mwembamba. Nilihisi nyuma ya gari ikishuka chini yangu. Nilihisi, mwanangu, na nikajiambia si kazi yangu leo.

Ukumbi ulikuwa Kings Heath, lakini Mansur alizunguka makusudi kupitia Alum Rock Road, na kweli watu waligeuka. Wauza vitambaa walitoka milangoni, vijana wakapiga miluzi, honi za msafara nyuma yetu zikajibu. Mansur akawa anatabasamu peke yake kwenye kioo. Tukapanda tuta dogo, na gari liliposhuka nikasikia, *kwaruu*, nyuma ya kiti, upande wa mama mkwe. Ilikuwa sauti fupi sana. Nadhani hapo ndani hakuisikia mtu mwingine.

Nilijua ni nini. Nilijua kama unavyoijua sauti ya mamako akikuita. Ule ukingo wa chuma ulikuwa umelishukia tairi kwa uzito wetu, na kila gari likiinama ungelikata tena palepale.

Nikamtazama shangazi pembeni ya mtandio. Akanifinya paja.

Tukaendelea. Kila shimo, *kwaruu*. Kila kona, *kwaruu* ndefu zaidi. Nikakohoa, nikidhani Mansur ataelewa, naye akadhani nina joto, akafungua dirisha, kisha kwa sababu ya upepo akapandisha muziki. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, alikuwa amekaa kimya na tasbihi yake, mama mrefu mwenye uso usiosema kitu. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Nikawaza: neno la kwanza atakalolisikia kwangu ndilo hili, nikimkaripia dereva barabarani mbele ya msafara mzima? Zile habari za mdomo wangu zitakuwa zimethibitika hata sijaingia ndani kwake.

Kisha nikawaza tairi likipasuka. Tuliingia barabara kubwa, magari yanatupita kulia na kushoto, Mansur akaongeza mwendo. Ndipo ile harufu ikaja. Mikono yangu yenye hina nikaificha ndani ya mtandio. Nilikuwa naomba dua, na dua yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa kwamba mtu mwingine aseme. Shangazi aisikie harufu aseme. Dereva wa gari la nyuma awashe taa aseme. Nilikuwa tayari kufa na watu wangu, alimradi asiseme bibi harusi.

Tulitoka barabara ile tukaanza kupanda kuelekea Moseley. Kuna mahali njia inapinda, na Mansur aliichukua kona kwa mbwembwe, kama alivyopenda. Gari likainama lote. Safari hii haikuwa *kwaruu*, ilikuwa mlio mmoja mrefu uliouzidi muziki, na moshi wa bluu ukapita dirishani kwa mama mkwe. Nikaona tasbihi imesimama mkononi mwake.

Nikaufunua mtandio.

"Mansur, simama! Simama sasa hivi!"

"Wee!" shangazi akanivuta mkono. "Nyamaza! Aibu!"

"Tairi lakatika! Usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta, sogea kando!"

Nilimwona Mansur kwenye kioo, macho yamemtoka. Hakubishana. Aliachia mafuta, akaliacha gari lipoe mwendo, nalo likawa linapepesuka nyuma kidogo kidogo, mpaka likasimama kando ya ukuta mfupi wa matofali. Msafara ukasimama nyuma yetu ukipiga honi, wakidhani tunapiga picha.

Kutoka kiti cha nyuma cha gari la milango miwili, nawe umevaa nguo ya arusi, si jambo la kifahari. Tulitolewa mmoja mmoja kama mizigo. Mansur alikuwa ameshapiga magoti. Ukuta wa nje wa tairi ulikuwa umechongwa, nyuzi za ndani zimetoka, na mahali pamoja pamevimba kama jipu linalotaka kutumbuka. Alinyoosha mkono aguse, akaurudisha.

"Jana halikugusa," akasema kwa sauti ya mtoto. "Wallahi, dada, jana halikugusa kabisa."

Bi Mwanaisha aliinama akalitazama lile jipu kwa muda. Kisha akasimama wima akanigeukia. Shangazi akawahi, "Mtuwie radhi, Bi Mwanaisha, huyu mtoto hana ada ya kupiga kelele, ni hofu tu." Mama mkwe akainua kiganja, shangazi akanyamaza.

"Ulianza kuisikia wapi?" akaniuliza.

Nilitazama chini. "Alum Rock, mama."

"Na hapa ni wapi?"

"Moseley."

"Kutoka Alum Rock mpaka hapa, ulikuwa ukimstahi nani?"

Watu walikuwa wameanza kushuka magarini na kutuzunguka.

"Wanistahi mimi? Wanistahi kwa kuniweka juu ya tairi lakatika, nawe wajua lakatika? Heshima gani hiyo, mwanangu, ya kunizika?"

Hakupaza sauti hata kidogo. Mwanangu, mimi nimewahi kutukanwa, nimewahi kufukuzwa kazi, na posa ile ya kwanza ilivunjwa mbele ya majirani. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale ya mwanamke mmoja aliyeshika tasbihi kando ya barabara. Machozi yalinitoka yakaharibu wanja wote. Nilikuwa nimejitayarisha kukaripiwa kwa kusema. Sikujua kwamba kuna mtu duniani anayeweza kunikaripia kwa kunyamaza.

Mansur akainuka. "Alinambia jana, mama," akasema. "Aliniuliza mara moja kabla ya hina, nikamtania kwamba nimelijaribu mimi na redio. Ni mimi sikusikia."

"Alikwambia mara moja akaenda kupakwa hina," Bi Mwanaisha akamjibu. "Nawe ukamjibu kwa redio. Mmekosa nyote, na mimi nimekosa, kwani harufu niliisikia muda mrefu, nikasema ngoja, nisije nikaonekana mama mkwe wa kulalamika siku ya kwanza." Kisha akanifuta uso kwa pembe ya leso yake, kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto makamasi. "Twende. Watu wana njaa."

Tuliingia kwenye gari la mjomba mmoja wa bwana harusi, gari la kawaida kabisa, lina makombo ya biskuti kitini. Mansur alibaki pale na gari lake akisubiri kuvutwa. Nilimwachia moyo wangu, maana zawadi yake ilikuwa imelala kando ya njia. Njia nzima mpaka Kings Heath, Bi Mwanaisha aliniuliza maswali, mimi nikajibu: baba alikuwa na karakana wapi, nilijifunza lini mambo ya matairi, napenda pilipili au sipendi. Niliingia ukumbini macho mekundu, watu wakasema bibi harusi amelia vizuri.

Niliishi na mama yule kwa miaka mingi. Usidhani ilikuwa asali. Tulizozana kuhusu chumvi, kuhusu malezi, kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Lakini kila nilipokaa kimya mezani na uso umejikunja, aliweka kijiko chini akasema, "Sema, kabla hatujafika Moseley." Nami nilisema. Mara nyingine nilikuwa nimekosea, akanisuta, tukaendelea kula.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitaizungusha. Ukisikia kitu kinakwaruza, katika gari, katika kazi, katika ndoa yako, katika mwili wako, kiseme kikiwa bado kidogo. Usingoje moshi. Na ukisema mara moja ukapuuzwa, usijihesabu umemaliza wajibu, rudia mpaka usikilizwe. Sikufundishi kupayuka. Adabu ni kitu kizuri, mimi mwenyewe bado nawavulia viatu wakubwa zangu mlangoni. Lakini jiulize ile adabu yako inamlinda nani. Ikiwa inakulinda wewe tu usisemwe, huku wenzako wamekaa juu ya hatari, huo ni woga uliovaa nguo ya arusi.

Nawe ukiwa ndiye unayeambiwa, kama Mansur, usimjibu mtu kwa mzaha mpaka umepakia watu wote na mizigo yote ukajaribu tena. Chochote ukipimacho kikiwa kitupu, hujakipima.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, akuepushe na ajali za barabarani na za nyumbani. Na akujalie kuolewa au kuoa katika nyumba ambayo watu wake watakukasirikia pale unaponyamaza.