Mbuzi Kumi na Sita Juu ya Kahuzi

Mbuzi kumi na sita. Hiyo ndiyo bei ya jambo lenyewe, nimeihesabu mara mbili, na sijalipa hata mkia. Usiniambie niliota. Ndotoni mimi hununua rahisi.

Mimi ni wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, na nafanya biashara kati ya Bukavu na Shabunda. Napeleka chumvi na sabuni, narudi na mafuta ya mawese, yote kwa ndege ndogo, kwa sababu barabara ililiwa na matope zamani. Kule Shabunda, kabla ya kupanda, kila msafiri anasimama juu ya mizani pamoja na mzigo wake. Asubuhi ile mbele yangu alisimama muzee mmoja wa koti jeusi. Mizani haikutikisika.

"Imekufa," akasema mpimaji, akaipiga teke.

Nikapanda mimi. Ikanihesabu mimi, mfuko wangu, na nadhani hata chai niliyokunywa. Nikamtazama muzee viatu: visafi. Niambie, nani anatembea Shabunda wakati wa mvua na viatu visafi? Lakini nilichowaza wakati ule ni kimoja tu: huyu anasafiri bila kulipia kilo. Nilimwonea wivu.

Tulikuwa wanne ndani. Komanda, ambaye ndiye rubani mkuu. Rubani wa pili pembeni yake. Na nyuma yao, bila mlango katikati, mimi na muzee tumekalia bidoni, madumu ya plastiki. Tulipokaribia milima ya Kahuzi mawingu yakatufunika, nje kukawa kama usiku. Komanda akamwambia mwenzake, "Shikilia kumi na nne." Yaani futi elfu kumi na nne. Chini ya kumi na mbili, alizoea kusema, mawingu ya hapa yana mawe ndani.

Hapo muzee akainama mbele. "Komanda, niko na shamba kisiwani Idjwi, kando ya ziwa. Mbuzi kumi na nne."

Sasa Komanda alikuwa na ugonjwa mmoja, shamba la uzeeni. Akageuka mzima mzima. "Tonton, kuna njia ya pirogi, mtumbwi wa kufika?"

"Iko. Kumi na tatu na nusu."

"Na migomba?"

"Imeshazaa. Kumi na tatu."

Rubani wa pili naye akavua kisikizio sikio moja, akauliza kama kuna jirani mwenye kelele. Muzee akasema hakuna, kumi na mbili na nusu.

Niamini, nimepatana bei tangu sijaota meno ya utu uzima, na sijawahi kuona muuzaji anayejipunguzia mwenyewe kabla ya kuombwa. Masikio yakaniziba. Bidoni tupu chini yangu ikabonyea, *pwa*. Nikatupa macho mbele, kwenye sindano ya kimo: kumi na mbili na nusu. Nikahesabu tena. Muzee akasema, "Kumi na mbili," na sindano ikaitika.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya jambo ambalo ukoo wetu wote haujawahi kufanya. Nikapandisha bei.

"Kumi na tano!"

Muzee akanigeukia polepole. "Papa, mununuzi hapandishi."

"Kumi na sita!"

"Wewe wa Kadutu, umelogwa?" Komanda akanifokea. "Unaniibia shamba mbele ya macho yangu?"

"Chukua shamba! Angalia sindano!"

Akaangalia. Sitarudia alilosema, maana yeye ni Mkatoliki. Injini zikanguruma, na chini ya tumbo la ndege nikaona mianzi, karibu kiasi cha kuichagua mmoja mmoja. Tukapanda. Sindano haikutulia mpaka kumi na sita.

"Imeuzwa," muzee akaninong'oneza.

Kavumu, kiwanja cha ndege cha Bukavu, tulishuka watu watatu. Rubani wa pili anaeleza mpaka leo kwamba Komanda alipogeuka, goti lake lilisukuma usukani, na wote wawili walikuwa wanasikiliza habari za migomba. Huenda. Goti nalikubali. Lakini Komanda sasa amefunga pazia nyuma ya kiti chake, na ukimsalimia angani hakuitikii.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, sikia: muuzaji akijipunguzia bei huko juu, usitazame mali. Tazama sindano, na umwache rubani na kazi yake.

Mimi shida yangu haijaisha. Kuna maman anayeleta mananasi kutoka Idjwi, mtu ambaye sijamwambia kitu. Juzi juzi akaniita: "Papa, muzee mumoja amenituma. Anasema amekupunguzia, iko kumi na tano." Soko lililofuata, kumi na nne. Jana, kumi na tatu, na salamu nyingi.

Alhamisi napanda ndege. Mbuzi nimeshawakusanya wote, wanakula majani ya jirani. Je, wanapelekwa wapi, kwa mtu ambaye hata mizani haimuoni? Nishauri. Ila tafadhali, usinitajie bei iliyo chini ya kumi na sita.