Dawa Isiyotajwa

Fikirieni njia nyembamba katikati ya migomba ya kijiji chetu cha Ijumbi, na msichana wa miaka tisa anayekwenda haraka, amekumbatia kifurushi cha jani la mgomba, midomo ameibana. Nilipokuwa mtoto, enzi za vijiji vya ujamaa, msichana huyo nilikuwa mimi, na ndani ya kifurushi mlikuwa na dawa ya Mama.

Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi. Mganga wa ng'ambo ya bonde alimpa majani ya kunywa na mengine ya kubandika, pamoja na mwiko ambao Bibi, mzaa baba, alinikumbusha kila nilipotumwa: "Anayeibeba hasalimii mtu. Anayeinywa haitaji. Ikitajwa, imekufa."

Kwetu mtoto wa kike humpigia magoti mkubwa anayekutana naye njiani. Siku moja nilimpita mzee jirani aliyeketi na wenzake, nikiwa wima.

"We binti," akasema, "magoti umeyasahau shamba la kijiji?"

Wenzake wakacheka. Niliona haya hadi masikio yakawaka, ila sikufungua kinywa. Niliamini nimeubeba uhai wa Mama mikononi.

Miezi ikapita. Uvimbe ukakua, ngozi ikapasuka, na harufu yake haikufichwa hata na nyasi mbichi tulizotandaza sakafuni. Baba akasema basi. Akampakia Mama kwenye baiskeli hadi hospitali ya misheni, nami nikafuata kwa miguu na chungu cha kumpikia.

Daktari alifungua kitambaa, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, umetumia mitishamba?"

"Hapana, waitu," Mama akajibu kwa neno letu la heshima. Baba akageukia dirishani.

"Nauliza kwa sababu kesho nataka kukukata. Kuna majani yanayozuia damu kuganda."

Nilimtazama Mama. Nikisema, dawa inakufa. Nisiposema, damu yake haitakoma. Hakuna mtu aliyenifundisha kuchagua kati ya vitu viwili vya namna hiyo.

"Anakunywa," nikasema. "Asubuhi na jioni."

Mama akafumba macho. Hakunikemea. Daktari alimwachisha majani, akangoja siku kadhaa ndipo akampasua.

Mama aliishi miaka miwili zaidi, kisha ugonjwa ukarudi, safari hii kifuani ndani. Baada ya mazishi, tukiwa tunamenya ndizi, Bibi aliniambia bila kuinua macho, "Uliitaja."

Neno hilo nilikwenda nalo shuleni, chuo cha ualimu, hadi madarasa niliyofundisha mjini Bukoba. Nilikuwa mtu mzima ndipo daktari mwingine aliponieleza kwamba uvimbe ule ungekatwa ukiwa mdogo, huenda mambo yangekuwa tofauti. Bibi hakuwa mbaya. Alimpenda Mama kwa namna aliyoijua. Na majirani zangu wanaochemsha mizizi leo, siwacheki. Mtu akiogopa kufa hushika kilicho karibu. Hata hivyo, zipo asubuhi ambazo bado nasikia lile neno la Bibi, na inanibidi nijijibu upya.

Basi nawaomba mkumbuke hili moja tu: mgonjwa wenu akiulizwa amekunywa nini, kaeni karibu naye, mumsaidie kusema ukweli.