Chef na kable yenye kuning'inia

Minye nilicheka mpaka kitenge kikafunguka! Ku biro ya etasivili hapa Uvira, kwenye serikali inaandikisha ndoa, bibi arusi mumoja wa Bwegera na bwana arusi balikuwa banangojea karatasi ya ndoa itoke mu mashini, basaini. Bila ile karatasi padri habarikie bantu, na bageni bako tayari ku kanisa.

Chef wa biro akaona kable ya ordinatere, ile kompyuta ya kazi, inaning'inia. "Fujo gani hii mbele ya bageni?" Akachomeka ncha zake zote mbili mu swichi ile ile, kasanduku kenye kupokea habari ya kila mashini na kuipeleka ku ingine. Taa zikawaka-waka sawa zimelewa. Mashini zote kimya.

"Ni shida ya Kinshasa," chef akasema. Akivunja kitu, kosa iko ya Kinshasa!

"Papa chef, mbele uchomeke ile kable, mashini ilikuwa inatembea?" bibi arusi akauliza.

"Ndiyo, lakini usiguse, dada, hii ni mambo ya teknike!"

Bibi arusi akakunja gauni, akapiga magoti, akavuta kable. Karatasi ikatoka.

Kumbe habari ilikuwa inatokea mu tundu moja, inarudilia ku lingine, swichi inaituma tena, bila mwisho. Ni sawa niambie dada yangu siri, anirudishie kama habari mupya, nami nimupelekee tena. Nani atapika?

Chef akapanguza jasho, akamugeukia bwana arusi. "Unamukubali huyu mwanamuke?"

"Chef, hata weye umeshindwa kumukatalia!"