Kiti cha Mbele Nilikikuta Ujerumani

Enzi zetu sisi tuliokulia Msamala, gari lilisikika kabla halijaonekana. Likiwa bado linakohoa huko mbali kwenye barabara ya Hanga, sisi tumeshaacha mchezo wa rede katikati, hata yule aliyekuwa anashinda. Siyo magari ya leo, yanakuja kimya kama mwizi, ukigeuka limeshakukanyaga vidole.

Lori letu lilikuwa la Mzee Komba. Lori la pua ndefu, rangi ya kijani iliyokwisha kuwa vumbi. Lilibeba mahindi, tumbaku, mbuzi, maharusi, na maiti ikibidi. Tulilikimbilia kwa nyuma ili tunuse moshi wake. Msinicheke, na ninyi mlinusa. Moshi ule ulikuwa mtamu kuliko matunda ya masuku yaliyoiva.

Sasa ndani ya lori lile kulikuwa na mbingu na dunia. Mbele, kando ya dereva, alikaa padri. Padri asipokuwepo, mwalimu. Mwalimu asipokuwepo, mama mwenye kichanga au mwenye tumbo la kutisha watu. Sisi wengine nyuma juu ya magunia, mbuzi wanatutafuna magauni. Tukienda Hanga kwenye sikukuu tulifika wekundu kama matofali, meno tu ndiyo meupe, na tunashuka bado tunaimba.

Lori likizimika mlimani, na lilizimika kila mlima, utingo alipiga kelele, "Majani, majani!" Tunaruka chini, tunakata matawi, tunayalaza barabarani nyuma yake, ili gari linalokuja lijue kuna mwenzake mgonjwa. Hapo nilikuwa bingwa. Lakini kukata majani hakukunipa kiti. Nilikililia kiti cha mbele mpaka mama akachoka. Akaniambia, "Kiti hakina miguu, Otilia. We kua tu, utakikuta."

Basi nikakua. Nikaolewa, nikapata tumbo la kwanza, tumbo la haki kabisa, nikajua sasa zamu yangu. Lori likafa mwezi huohuo. Likabaki nyuma ya nyumba ya Mzee Komba, na kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha mbele. Kuku wamekaa, mimi bado.

Mwaka jana binti yangu Skola, anayeuguza wazee huko Ujerumani, akanitumia tiketi. Siku moja nikiwa huko, mjukuu wangu Imelda, mtoto wa Skola, akasema, "Bibi, twende kijiji cha pili, kuna babu ana makumbusho ya magari ya zamani." Mimi nikategemea jumba. Kumbe banda la ng'ombe. Ng'ombe wametoka, magari yameingia, yamesuguliwa mpaka unajiona meno. Na mbele yake kamba nyekundu, kama kanisani siku ya askofu. Nusura nipige goti.

Nikapita moja, nikapita la pili, nikafika mwisho. Lilikuwa pale. Pua ndefu, kijani, boneti imefunguliwa. Ndugu yake lori la Mzee Komba, tumbo moja.

Nikasema, "Shikamoo."

"Bibi, unaongea na nani?"

"Na lori. Ni kubwa kwangu, nililikuta duniani."

"Sawa, ila usiguse. Wameandika."

"Kusalimia wameandika?"

Imelda akaenda kuangalia vigari vidogo. Nami nikalitazama lori limesimama, boneti wazi, nyuma yake sakafu tupu. Nawaambieni ukweli, mkono ulianza kabla ya kichwa. Nikatoka nje, nikavunja matawi matatu manne, nikarudi, nikayalaza nyuma ya lori, vizuri, kama nilivyofundishwa.

Yule babu mwenye banda akaja na ovaroli lake, uso kama nyanya. Matawi yalikuwa ya mtofaa wa mke wake.

"Bibi, umefanya nini," Imelda akanong'ona, anatafuta pa kujificha.

"Mwambie gari limesimama na boneti wazi bila majani. Wenzake watalivaa."

Akamwambia. Babu akayatazama matawi. Akajibu kitu.

"Anauliza, nani atakuja kuligonga humu ndani?"

"Mwambie hata mimi, yeye hakujua kama nitakuja."

Babu akacheka mpaka akavua miwani. Akauliza kama niliwahi kupanda lori kama hili. Nikasema, "Mwambie nimepanda sana. Nyuma. Maisha yangu yote, nyuma."

Akafungua kamba.

Jamani, nilizunguka lile lori kama bibi harusi. Nikaenda upande wa kushoto, upande wa padri, maana kiti changu nakijua. Imelda anasukuma kwa chini, babu anavuta kwa juu, nikaingia. Kiti kikalia kwi. Nikanyoosha gauni, nikainua macho nijione nilivyo mtu wa mbele, nakuta usukani uko kifuani kwangu. Kumbe kwao dereva hukaa kushoto.

"Bibi, hicho siyo cha abiria."

"Nimeshakaa. Sishuki. Wewe nenda nyuma, ndiko kwa watoto."

Na akaenda, yule mtoto wa simu. Babu akachukua hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, akazungusha. Lori likakohoa, likatikisika, meno yangu nayo yakatikisika. Moshi ukaingia dirishani. Uleule. Nikaimba nyimbo zote za njia ya Hanga, nimeshika usukani kwa mikono miwili, na lori halijatoka hata hatua moja, na Imelda nyuma anacheka anagonga bodi, "Twende dereva!"

Mama, kiti kweli hakina miguu.

Siku hizi nikienda Hanga, wajukuu wanasema, "Bibi, kaa mbele, funga mkanda." Hakuna wa kugombana naye. Vioo juu, lami tupu, kila mtu na simu yake, na dereva mwenyewe hawamjui jina. Nashuka nautazama mkono wangu, nalitazama gauni. Hata chembe ya vumbi. Nimefika msafi, kama mtu ambaye hajatoka popote.