Kicheko cha Kwanza cha Mtoto wa Jirani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nyumbani wanalijua hilo, ofisini wanalijua, na mafundi wa AC wa mtaa wetu wote wa Al Khoudh, huku kwa Waarabu, wanalijua. Ndiyo maana nilishangaa jirani yangu aliponiomba nimshikie mtoto wake nusu saa, akaoge.

Jirani huyo ni mwalimu wa chuo kikuu, Mmarekani, lakini wa kabila la Wanavajo, watu waliokuwa kwenye ardhi ile kabla hajafika Mzungu hata mmoja. Alikwisha kunieleza kuwa kwao, anayemchekesha mtoto kwa mara ya kwanza ndiye anayemfanyia karamu, na tabia za mtu huyo humwingia mtoto. Mama wa jirani alikuwa anakuja wiki ile kutoka Arizona, kwa ndege tatu, kukifuata kicheko hicho.

"Usimtekenye tu," aliniambia, akaingia bafuni.

Sikumtekenya. Simu ikalia, fundi wa AC. "Bukra, inshallah." Kesho ya nne hiyo! Nikakata simu, nikasonya. Msonyo wa kwetu Unguja, mrefu, unaoanzia kwenye magego. Mtoto akanikodolea macho, kisha akacheka. Kicheko kizima, cha sauti, mpaka miguu ikamrukaruka.

Niliutazama mlango wa bafuni. Maji bado yalikuwa yanamwagika. Mama mtu alipotoka nilimrudishia mwanawe, nikasema alikuwa mpole, nikaenda zangu.

Siku tatu sikutulia. Niliendesha gari mpaka Matrah, nikazunguka, nikarudi bila kushuka. Niliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Kilichonitafuna si kwamba nimemnyang'anya bibi haki yake tu. Niliogopa kwamba yule mtoto, asiyenikosea kitu, atakuwa kama mimi.

"Una nini wewe?" mama yangu aliniuliza. "Mbona kama kuku anayetaka kutaga?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atacheka, hakucheka.

"Nenda kamwambie kabla mamake hajafika. Mficha uchi ha..." Akajiziba mdomo. Mimi sikujaaliwa kuzaa, na methali ile haijapata kumalizwa nyumbani kwetu.

Nilikwenda na abaya niliyoivaa ndani nje. Jirani alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake haukuonyesha kitu.

"Ulimfanya nini hasa?" aliuliza.

Ikabidi nisonye, pale mlangoni, mbele ya mtu ninayemheshimu. Mtoto begani kwake akacheka tena. Jirani akaanza kulia, na kulia kwake kukaniumiza kuliko matusi.

"Mama yangu yuko angani sasa hivi," alisema. Kisha akafuta macho. "Basi karamu ni yako. Tafuta chumvi ya mawe."

Chumvi niliipata sokoni Ruwi. Nikapika pilau, mama akapika mikate ya kumimina. Ijumaa, baada ya sala, nilikaa na mtoto mapajani, nikaushika mkono wake mdogo, nikamsaidia kumtilia kila mgeni punje ya chumvi kiganjani. Wa kwanza kupokea alikuwa bibi yake, mwanamke mfupi, mwenye bangili za fedha na uchovu wa safari machoni. Nilishindwa kumtazama.

Alilamba chumvi yake, akasema maneno kwa lugha yao. Jirani akanitafsiria: "Anauliza, na wewe, nani alikuchekesha mara ya kwanza?"

Sikujua. Katika umri huu wote sikupata kuuliza. Nikamgeukia mama, nikamuuliza kwa Kiswahili, nikitaraji aseme nani anakumbuka mambo hayo.

"Marehemu baba yako," alisema papo hapo. "Alikuwa anagombana na redio."