Kitambaa cha Kayitesi

Muuguzi wa Kikorea katika zahanati yetu ya Kimisagara hatulii. Anafunga dirisha, anafungua, anasugua mikono kwa sabuni mpaka inakuwa myekundu, anafunga tena. Kiswahili alikiokota Tanzania, anakisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kila nikija ananiomba mguu auoshe, nami nakataa, narudi nyumbani na kidonda changu. Kitambaa kilichokifunga alikifunga marehemu mke wangu, Kayitesi. Aliyekuwa ananiosha ni yeye peke yake.

“Muzehe, unaoza,” aliniambia leo. “Wataukata.”

“Mwanamke wa watu haniogeshi.”

Nahimana, jirani yangu, akacheka pale kwenye benchi. “Unangoja nani, afufuke?”

Muuguzi akapiga magoti mbele yangu. “Kwetu Korea, wauguzi wa kwanza walikuwa wanawake. Kumgusa mwanamume asiye ndugu ilikuwa aibu. Siku moja watu walipigana mjini Seoul, wakaletwa hospitalini askari wamejaa damu. Wanawake wale wakawaosha.”

“Nani aliwaruhusu?”

“Askari walikuwa wanakufa, muzehe.”

Nikanyoosha mguu. Mkasi ulikuwa mfukoni mwake, hakuutoa. Alilegeza fundo la Kayitesi kwa kucha, taratibu, akanisafisha, akanifunga bendeji mpya. Kisha akakifua kile kitambaa, akakianika dirishani. Upepo ukaingia, karatasi zikaruka mezani. Dirisha hakuligusa mpaka kilipokauka.